Fumbo la Maneno na Kijumba Chake: Asili ya Mchezo na Suala la Silabi katika Kiswahili

Mchezo wa kujaza herufi katika vijumba vya mraba, ili maneno yasomwayo mlalo yakutane na yale yasomwayo wima, umekuwa jambo la kawaida mno hata msomaji wa gazeti hafikiri kwamba uliwahi kuwa na mwanzo. Mwanzo huo hata hivyo upo, na una tarehe: Jumapili, 21 Desemba 1913, katika jiji la New York. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi fumbo hilo lilivyoundwa kwa mara ya kwanza, kisha kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, halijajadiliwa na wanaisimu wa Kiswahili kama linavyostahili. Je, mchezo uliokatwa kwa kipimo cha lugha moja waweza kuvikwa lugha nyingine bila ya kupunguzwa wala kuongezwa? Asidhani msomaji kwamba swali hili ni la watoto. Anayechora vijumba hana budi kwanza aamue ni kitu gani kiingie katika kijumba kimoja, na akiisha kuamua hilo amekwisha kutoa nadharia yake juu ya kiungo cha msingi cha neno, apende asipende.

Yafaa nianze na istilahi. Wengi hutumia jina la chemshabongo, lakini jina hilo ni pana: linajumuisha hesabu za mzaha, maswali ya mantiki na kila kinachosumbua akili kwa ajili ya burudani. Hapa nitasema fumbo la maneno. Mahali pa kuandika nitapaita kijumba, na maelezo yanayomwongoza mfumbuaji nitayaita kidokezo. Mwelekeo wa kwanza ni mlalo na wa pili ni wima.

Mwenye kutajwa kuwa mbunifu wa fumbo hili ni Arthur Wynne, aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1871, akahamia Marekani akiwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Kabla ya kufika New York alifanya kazi ya magazeti katika mji wa Pittsburgh. Mwaka 1913 alikuwa mhariri wa FUN, nyongeza ya burudani iliyotoka kila Jumapili pamoja na gazeti la New York World. Toleo la Krismasi lilikuwa likikaribia na alihitaji kitu kipya cha kujaza ukurasa. Alikumbuka mchezo wa miraba ya maneno aliouona utotoni, ambamo maneno machache yenye urefu sawa hupangwa mistari kwa mistari ili yasomeke yale yale kwenda chini na kwenda kando. Wynne aliugeuza mraba huo ukasimama kwa pembe yake kama almasi, akaacha uwazi katikati, akavitia vijumba nambari, na juu kabisa akaliandika mwenyewe neno la kwanza, FUN, ambalo ndilo jina la nyongeza yake. Maneno mengine yote, thelathini na moja kwa idadi, alimwachia msomaji. Aliliita Word-Cross, yaani msalaba wa maneno.

Mtu akilitazama fumbo hilo leo ataona bado lina ukungu wa alfajiri. Vidokezo havikugawanywa katika mlalo na wima kama tulivyozoea, bali kila kimoja kilitajwa kwa nambari mbili, ya kijumba cha mwanzo na ya kijumba cha mwisho. Neno la Kiingereza la njiwa, dove, limetumika mara mbili. Mara moja kidokezo chasema ni ndege, mara ya pili chasema ni njiwa wa aina nyingine. Mhariri wa siku hizi asingeruhusu jambo hilo. Kuna maneno yasiyojulikana na wengi, mathalan jina la nyuzi za mnazi mmoja wa Asia, na kuna kidokezo kinachomkejeli mfumbuaji kwa kuuliza fumbo lenyewe likoje, na jibu lake ni gumu. Lakini kilichonivutia zaidi ni kidokezo kinachotaka wingi wa kitenzi is, na jibu ni are. Katika jaribio la kwanza kabisa la mchezo huu, miongoni mwa ndege na mito na sehemu za merikebu, tayari sarufi imeingia. Wynne hakuwa mwanaisimu, lakini mchezo ulimlazimisha aamue kama umbo la kisarufi lililonyambuliwa kutoka katika umbo jingine lahesabiwa kuwa neno linalojitegemea. Tutarudi kwa jambo hilo, maana kwa lugha ya Kibantu ndilo kiini cha ugomvi.

Majuma machache baadaye jina lilipinduka likawa Cross-Word. Inasimuliwa kwamba ni kosa la chumba cha uchapaji, mtu aliyepanga kichwa aliyabadilisha maneno mahali, na kosa likabaki. Jina linalotumiwa leo na watu wengi duniani, basi, halikuchaguliwa na mbunifu. Inasimuliwa pia kwamba Wynne aliwashawishi wakubwa wa gazeti wauwekee mchezo huo haki ya kisheria, nao wakaona ni mtindo wa kupita, usiostahili gharama. Alifariki Clearwater, jimbo la Florida, mwaka 1945, asipate kutajirika kwa kitu alichokibuni.

Nimesema Wynne ndiye mwenye kutajwa, na nimechagua maneno hayo kwa makusudi. Neno la kwanza ni neno la hatari kwa mwanahistoria. Tarehe 14 Septemba 1890, miaka ishirini na mitatu kabla ya Wynne, Mwitaliano Giuseppe Airoldi alichapisha katika jarida la Il Secolo Illustrato della Domenica, huko Milano, mraba wa vijumba vinne kwa vinne, pamoja na vidokezo vya mlalo na vya wima. Aliuita Per passare il tempo, kwa maana ya kupitisha wakati. Mraba ulikuwa mtupu, msomaji aujaze. Kwa kipimo chochote cha haki, hilo ni fumbo la maneno. Lakini halikuzaa. Hakuna gazeti lililolidaka wala wasomaji walioandika barua kudai jingine. Nyuma zaidi, Waingereza wa karne ya kumi na tisa walikuwa na miraba yao ya maneno, na nyuma ya hapo twafika kwa Warumi. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, kumepatikana mraba wa maneno matano ya Kilatini yenye herufi tano tano, unaoanza na neno SATOR, unaosomeka kutoka juu, kutoka chini, kutoka kushoto na kutoka kulia bila ya kubadilika. Wataalamu wangali wanagombana juu ya maana yake.

Kwa msomaji wa pwani yetu, mraba wa vijumba vyenye herufi si kitu kigeni pia. Walimu wa vyuo na waganga wa vitabu walichora, na wangali wanachora, talasimu zenye miraba ambamo kila kijumba kina herufi ya Kiarabu au tarakimu inayosimama badala ya herufi kwa hesabu ya abjadi. Mraba unaojulikana zaidi ni ule wa tatu kwa tatu, ambao jumla ya kila mstari, uwe wa mlalo, wa wima au wa mshazari, ni kumi na tano. Sisemi kwamba talasimu ni fumbo la maneno. Talasimu huandikwa ili isisomwe, hukunjwa na kutiwa ndani ya hirizi. Fumbo la maneno huchapishwa ili kila mtu alisome. Hata hivyo, mikono yetu ilikwisha kuzoea kuweka herufi ndani ya kijumba zamani kabla ya New York kuwa na magazeti, na jambo hilo, kama nitakavyoonyesha, si dogo.

Kipya alichokileta Wynne basi ni nini? Si mraba, wala si kukutana kwa maneno. Nadhani ni mchanganyiko wa vitu vitatu: uwanja uliochapishwa mtupu ili msomaji auandikie, vidokezo vinavyofanana na maelezo ya kamusi, na gazeti linalorudi kila juma. Hicho cha tatu ndicho alichokikosa Airoldi. Fumbo la maneno ni zao la gazeti kama tenzi zilivyokuwa zao la miswada iliyonakiliwa kwa mkono na kusomwa mbele ya watu. Linahitaji mchapaji, muuzaji wa barabarani, na mtu aliyekaa peke yake akiwa na kalamu ya risasi.

Hapa ndipo linapotengana na kitendawili. Kitendawili chahitaji wawili au zaidi. Mmoja husema kitendawili, mwenziwe hujibu tega, na anayeshindwa hutozwa mji. Adhabu yake ni ya hadharani na jibu ni mali ya jamii. Aliyekwisha kulisikia hawezi kulisahau. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata katika mashairi ya kufumbana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alipowatupia Waamu beti zake alingojea majibu kwa beti, na mafumbo yale yalikuwa na vita nyuma yake. Fumbo la gazeti halimtozi mtu mji. Anayeshindwa hushindwa kimyakimya, na juma lifuatalo hupewa majibu bila ya kuyaomba. Kwa upande mwingine, lina jambo ambalo kitendawili hakina: ushahidi. Jibu la mlalo hushuhudiwa na majibu ya wima yanayolikata. Mfumbuaji aliyekosea hugundua kosa lake mwenyewe, kwa kuwa herufi zinakataa kupatana. Hakuna mzee anayehitajika kuamua.

Habari ya kuenea kwake nitaipitia haraka, kwa sababu imekwisha kuandikwa na wengine. Kwa miaka kumi mchezo ulibaki karibu wote katika gazeti moja. Mnamo mwaka 1921 gazeti hilo lilimwajiri binti aliyetoka chuoni, Margaret Petherbridge, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la ndoa, Farrar. Alipewa mafumbo hayo kama kazi ya ziada, naye akayapitisha bila ya kuyajaribu, hadi aliposhika kalamu akajaribu kulifumbua moja na kuona jinsi lilivyojaa makosa. Tangu hapo aliweka kanuni: kila kijumba kikatwe na maneno mawili, vijumba vyeusi vipangwe kwa ulinganifu, maneno ya mafichoni yapunguzwe. Tarehe 10 Aprili 1924 kampuni changa ya Simon na Schuster ilitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo ya maneno, kikiwa kimefungiwa kalamu ya risasi. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 3,600. Kabla ya mwaka kwisha nakala zilizouzwa zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mwezi Novemba mwaka huo huo gazeti la Sunday Express lilichapisha fumbo huko London. Gazeti la The Times la London, lililojiona kuwa na heshima kubwa mno kwa mchezo huo, lilisalimu amri tarehe 1 Februari 1930. The New York Times, ambalo lilikuwa limeukejeli mchezo huo mwaka 1924, lilingoja hadi 15 Februari 1942, na mhariri liliyemwita kuongoza kazi hiyo alikuwa Margaret Farrar.

Waingereza waliubadilisha mchezo kwa namna inayostahili kutajwa. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, aliyeanza kutunga katika gazeti la The Observer mwaka 1926, aliacha vidokezo vya kikamusi akashika vidokezo vya hila, ambamo sentensi ina maana moja juu na nyingine chini. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliwaona abiria wa gari la moshi wakikunja gazeti mara nne na kulikodolea macho fumbo la namna hiyo kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na mara nyingi wakishuka bila ya kuandika hata neno moja. Nilijiambia kwamba hawa wamerudi kwenye fumbo letu. Neno fumbo katika Kiswahili halina maana ya swali gumu tu. Ni usemi uliofunikwa, wenye ndani na nje. Torquemada bila ya kujua aliurudisha mchezo kutoka kamusini hadi barazani. Walakini mada ya hila sitaisukuma mbele zaidi, kwani inataka makala yake yenyewe.

Tuje sasa kwenye kijumba. Wynne alitia herufi moja katika kila kijumba, na kwa Kiingereza hapakuwa na njia nyingine iliyo rahisi. Lakini mchezo ulipovuka mipaka, lugha mbalimbali zilijipatia kanuni zao. Welisi, ambao katika alfabeti yao ll, dd na ch kila moja huhesabiwa kuwa herufi moja, huziweka alama hizo mbili katika kijumba kimoja. Wafaransa hudondosha alama za juu ya irabu. Waarabu huandika konsonanti na irabu ndefu tu, kwa kuwa irabu fupi haziandikwi katika maandishi ya kawaida, na kwa sababu hiyo maneno yao hukutana kwa wepesi ambao sisi hatuna. Wajapani hutumia kana, ambazo kila alama yake ni silabi: ka ni kijumba kimoja, ta ni kijumba kimoja. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeona kwamba amekiuka sheria za Arthur Wynne. Wote wametia katika kijumba kile ambacho maandishi yao yanakihesabu kuwa kimoja.

Na sisi je? Mafumbo ya maneno ya Kiswahili niliyopata kuyaona hufuata herufi, moja kwa kila kijumba, sawasawa na Kiingereza. Yanayo kasoro moja ambayo wasomaji huilalamikia bila ya kuitambua: maneno hayakutani vya kutosha. Uwanja umejaa vijumba vyeusi, na neno refu mara nyingi hukatwa mahali pamoja au pawili tu, hata ushahidi niliousifu hapo juu unakuwa haba. Watu husema watungaji wetu ni wavivu. Sikubaliani nao. Sababu imo katika umbo la lugha yenyewe, nami nitajaribu kuidhihirisha.

Neno la Kiswahili lenye asili ya Kibantu huishia kwa irabu. Chukua mraba mdogo usio na kijumba cheusi. Kila neno la mlalo likiishia kwa irabu, basi safu ya mwisho ya wima ni irabu tupu; na kila neno la wima likiishia kwa irabu, mstari wa chini kabisa ni irabu tupu vilevile. Mtungaji basi lazima awe na maneno yaliyoundwa kwa irabu peke yake. Kwa herufi mbili yapo: oa, ua, au. Kwa herufi tatu lipo eua, kwa maana ya kutakasa, na kwa neno hilo mraba wa tatu kwa tatu wawezekana:

M K E
K U U
E U A

Mke, kuu, eua, na hivyo hivyo kwenda chini. Lakini huo ni mraba wa bahati. Umesimama kwa mguu mmoja, nao ni lile neno eua. Kwa herufi nne njia inaziba, kwa maana silioni katika kamusi neno la irabu nne tupu. Mwingereza hana tatizo hili, kwa sababu maneno yake huishia kwa konsonanti au irabu kadiri apendavyo.

Aidha kuna tatizo la pili, ambalo huonekana kila mahali katika uwanja wala si pembeni tu. Maneno mengi yetu hufuata mwendo wa konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Yaandike mlalo na wima pamoja, nawe utaona kwamba konsonanti na irabu zinajipanga kama weusi na weupe wa ubao wa sataranji. Kila neno jipya lazima lianze katika rangi inayolifaa. Neno lenye mb, nd, sh au ny, ambapo konsonanti mbili zafuatana, huuvunja mpango huo, na mtungaji hulazimika kuliziba pengo kwa kijumba cheusi. Si uvivu, basi; ni hesabu.

Sasa tufanye kama Wajapani, tutie silabi nzima katika kijumba:

TA FU TA
FU KU ZA
TA ZA MA

Tafuta, fukuza, tazama. Vitenzi vitatu vya Kibantu, vya kila siku, visivyohitaji kamusi, vinasomeka mlalo na wima. Ungeviandika kwa herufi, safu ya mwisho ingekuwa a, a, a, isiyo neno. Kwa silabi safu hiyo hiyo inakuwa tazama. Maneno ya mkopo pia yanakubali:

KA RA TA
RA TI BA
TA BA KA

Karata tuliipata kwa Wareno, ratiba na tabaka kwa Waarabu, na yote matatu yamekaa pamoja bila ya ugomvi. Miraba hii miwili haikunichukua siku nyingi kuipata, na msomaji akijaribu kwa karatasi ya hesabu atapata mingine.

Patatokea wa kusema kwamba silabi ni nyingi mno. Herufi zetu ni ishirini na nne, ambapo silabi, hata ukiziacha zile zenye mwambatano kama mbwe na ngwa, zapita mia. Je, maneno hayatakuwa na nafasi ndogo zaidi ya kukutana? Hoja hii ina uzito, na ni kweli kwamba uwanja mkubwa wa silabi bado utahitaji vijumba vyeusi. Lakini yafaa tukumbuke kwamba neno lenyewe limekuwa fupi. Tafuta ni herufi sita, lakini silabi tatu. Mfumbuaji akipata herufi F amepata sehemu moja katika sita. Akipata FU amepata theluthi ya neno. Shahidi mmoja wa silabi ana nguvu kuliko shahidi mmoja wa herufi, kwa hiyo mashahidi wachache wanatosha.

Wala silabi si kipimo tulichokiazima Japani. Mshairi wa Kiswahili tangu zamani huhesabu mizani, na mizani ni silabi. Amri Abedi alipoandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akiyapa maandishi mambo ambayo manju walikuwa wakiyafanya kwa vidole. Tena zingatia hati ya Kiarabu iliyoandikiwa Kiswahili kwa karne kadhaa kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Katika hati ile ta haikuwa alama mbili zilizosimama bega kwa bega, bali ilikuwa herufi moja yenye irabu yake juu au chini, kama mtoto mgongoni mwa mamaye. Mwandishi wa Siu au Pate angepewa kijumba kimoja aandike ta, asingejiuliza mara mbili. Ni hati ya Kilatini iliyotufundisha kuona vitu viwili mahali hapo. Sisemi turudi nyuma. Hati ya Kilatini imetufaa sana, na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ya kusanifisha tahajia haiwezi kufutwa kwa sababu ya mchezo. Nasema tu kwamba jicho letu limezoea herufi, lakini sikio letu lingali linahesabu silabi.

Ziko ncha ambazo hazijafungwa. M ya mtu ni silabi kamili, basi ipewe kijumba chake. Mtu ni vijumba viwili, na mbwa vilevile, kwa sababu m yake hubeba mkazo. Lakini mb ya mbuzi? Hiyo haijitegemei, kwa hiyo mbuzi ni mbu na zi. Tofauti ya mbwa na mbuzi haionekani katika tahajia. Yaonekana katika matamshi tu. Mtungaji akitaka mfumbuaji aiandike sawasawa, lazima amtegemee kuwa anaijua lugha kwa ulimi. Kwangu hiyo ni faida. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wenye kuandika insha safi kabisa, wakisita mbele ya neno nchi, wasijue kama ni silabi moja au mbili; hakuna somo la fonolojia litakalowakumbusha hilo kwa ukali kama kijumba kinachobaki kitupu. Na daktari je, na labda? Washairi wengi huipa konsonanti hiyo ya katikati mizani yake, wakahesabu da-k-ta-ri. Wanafonolojia wengine watasema dak-ta-ri. Mimi naegemea upande wa washairi, kwani wao ndio waliofanya kazi ya kuhesabu kwa muda mrefu zaidi, na pia kwa sababu k iliyo peke yake katika kijumba ni rahisi kukatwa kuliko dak.

Jambo lililo gumu kuliko yote ni lile alilolianzisha Wynne kwa are yake. Neno gani likubaliwe? Kiswahili kinaweza kusema tutawapikia kwa neno moja, na Mwingereza akahitaji maneno matano au zaidi. Tukiruhusu viambishi vya nafsi na vya njeo, mtungaji hatashindwa kamwe: kila pengo litazibwa kwa ni, u, a, tu, m, wa, na fumbo litakuwa zoezi la kubandika. Tukivikataa vyote pamoja na viambishi vya unyambuaji, tumekataa uhai wa kitenzi. Pendekezo langu ni kufuata desturi ya kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambazo hukiorodhesha kitenzi kwa shina lake. Pika na ikubaliwe, na pikia, pikwa, pikika, pikisha zikubaliwe pia, maana kila moja ni kitenzi chenye maana yake. Lakini anapika na nitapika zibaki nje. Nomino zikubaliwe kwa umoja na kwa wingi, mradi kidokezo kiseme. Kivumishi hapa kinaleta utata: je, kuu niliyoitumia katika mraba wa juu ni neno, au ni shina linalongoja kiambishi? Katika nyumba kuu imesimama yenyewe. Katika mtu mkuu haikusimama. Wenzangu wa sarufi watakuwa na la kusema hapa, na ningependa walijibu kabla mtu hajatoa kitabu kizima cha mafumbo ya silabi.